Mama wa Kwenye Katuni ya Korongo

Ipo Jumapili moja alasiri, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata chai hunikwama kooni, na mimi ni mtu ambaye chai haijawahi kumshinda. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimeanza darasa la jioni miezi sita tu kabla ya hapo, na Kiingereza kilikuwa kimenijaa kichwani kiasi kwamba nilikuwa nalala chali ili kisimwagike.

Nakusimulia haya kwa sababu ya niliyoyaona juzi kwenye simu yako. Ile katuni ya Kijapani tuliyoitazama sisi miaka ya tisini, ya binti anayempanda korongo wa mawe na kuvuka nchi saba kutafuta dawa ya mama yake, imechorwa upya. Basi kundi letu la simu, la watu wa Buhongwa, halilali. Nyinyi vijana mnasema rangi zinang'aa na korongo anapepesa macho kama ndege kweli. Wenye umri wangu wanasema imeharibiwa: binti amekuwa mwembamba kama fimbo ya kuchungia, muziki umekuwa wa harusini, na kubwa kuliko yote, mama amekufa. "Mama hakufa, mimi nilikuwepo," aliandika yule mzee muuza mbao, utadhani alikuwa jirani wa marehemu. Mwingine akaapa kwamba Wajapani wa siku hizi hawaijui hadithi yao wenyewe. Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wahenga, lakini wazee wa Buhongwa wamekiona kidonda tu.

Na wewe, mwanangu, ukaenda mtandaoni ukapata maelezo yanayothibitisha kwamba hata katika ile ya zamani mama alikufa. Ukaniambia, "Baba, nawarushia hii sasa hivi. Nitawaumbua mpaka wajitoe kwenye kundi."

Nikakuomba usubiri. Sikukueleza kwa nini, maana jambo lenyewe linanitia aibu mpaka leo. Sasa kaa. Na wewe usiye mwanangu, ila umeyakuta haya ukayasoma, kaa pia.

Buhongwa ya wakati huo ilikuwa na banda moja la video. Lilikuwa la mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia, na lilitosha watu arobaini, ila Jumapili tuliingia kama elfu mbili na mbuzi mmoja. Runinga ilikuwa ndogo kama sanduku la maziwa. Kanda zilikuwa za Kijapani tupu, hakuna aliyejua hata neno moja, na ndiyo maana tulikuwa na mkalimani.

Aliitwa Maige. Siku za kazi alikuwa fundi baiskeli, anaziba pancha kando ya barabara ya Shinyanga. Jumapili alisimama kando ya runinga na maiki iliyofungwa kwa mpira wa tyubu, akawa binti, akawa mama, akawa mfalme mbaya, akawa mvua pia. Korongo alimpa sauti ya mzee wa Kisukuma. Akitua mahali, kabla ya vita, husema kwanza, "Mwadila," salamu ya Kisukuma, na banda zima humjibu. Sauti ya Maige, nakuambia, ilikuwa inasikika mpaka Ukerewe, na samaki walikuwa wanasogea kusikiliza.

Alijua Kijapani? Hakujua hata cha kuombea maji. Alikuwa anazitazama zile picha, anabuni. Sisi tulijua na hatukujua, kama mtu anavyojua kwamba bibi hakumwona sungura akiongea, na bado anataka bibi aendelee.

Mstari wa mbele, juu ya sanduku la vifaa la Maige, alikaa mpwa wake Kabula, mtoto wa miaka tisa. Tuliambiwa tu kwamba mama yake yuko Kisesa na kwamba mtoto anasoma kwetu. Zaidi ya hapo hatukuuliza. Vijana wa miaka ishirini na miwili hawaulizi habari za watoto.

Jumapili hiyo ililetwa kanda ya mwisho. Tulikuwa tumeisubiri mwaka mzima. Tofauti na zile nyingine, hii ilikuja na maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Wengine waliyaona kama mapambo. Mimi nilihisi nimeandikiwa barua.

Nilihangaika nayo tangu mwanzo. Maneno yalikuwa yanapita mbio, nakamata moja, matatu yananiponyoka. Kisha binti akafika nyumbani na dawa mkononi. Mvua inanyesha. Mama amelala kwenye mkeka. Mzee mmoja anamwambia binti jambo, na mkono wa mama uko chini, hausogei. Maige akanyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia amenyamaza, hata jenereta nje lilisikika. Halafu akainua maiki, akatoa sauti ya mama, nyembamba, imechoka: "Umechelewa, mwanangu, lakini hujachelewa sana. Nipe maji nimeze."

Banda likashusha pumzi. Mzee wa mbao, kijana wakati huo, alikuwa anafuta macho kwa kofia.

Na mimi nikasimama. Neno la kufa nilikuwa nalijua, mwalimu wetu wa jioni alikuwa amelifundisha wiki hiyo hiyo. Nikasema kwa sauti ya mkutano wa hadhara, "Mkalimani anatudanganya. Hapa pameandikwa mama amekufa. Amekufa alfajiri."

"Kaa chini, wewe profesa wa jioni," mtu akasema, na wakacheka.

"Njoo usome mwenyewe kama unaweza," akadakia mwingine wa mbele.

Nikapita katikati ya mabenchi mpaka kwenye runinga, mwenye banda akairudisha kanda nyuma na kuisimamisha, nami nikaweka kidole juu ya kioo, neno kwa neno, nikatafsiri. Kicheko kikakatika, kisha kikarudi, safari hii kikimwelekea Maige. "Kumbe mwaka mzima unatupiga fiksi?" "Na korongo Msukuma naye umemtoa wapi?" "Atakuwa shemeji yake huyo." Mimi nilisimama pale mbele, na nisikufiche, nilikuwa na raha ya mtu aliyeshinda uchaguzi.

Maige hakujitetea. Aliweka maiki juu ya deki ya kanda polepole, kama mtu anayelaza mtoto. Kabula alikuwa amesimama juu ya lile sanduku. "Mjomba," akauliza, "amekufa?"

Maige alimshika mkono wakatoka.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, mwanangu. Kidole unajua palepale kwamba umeumia. Mimi nililala usingizi mnono siku hiyo.

Kesho yake Maige alituma niitwe. Nilikwenda nimejiandaa kwa ngumi, na ninavyopigana mimi, ningewaangusha saba kabla ya kuanguka. Nilimkuta ameinama kwenye karai la maji, anatafuta tundu kwenye tyubu.

"Shikamoo."

"Marahaba. Kaa hapo."

Nikakaa kwenye tairi. Alianza kusema huku anasugua tyubu kwa msasa.

"Dada yangu yuko Kisesa, amelala. Miezi mitano hatembei. Kabula alipokuja kwangu aliniuliza kama mama yake atapona. Nikashindwa. Nikamwambia tutazame yule mama wa kwenye katuni kwanza." Akapaka gundi. "Nilifanya ujinga, najua. Ila tangu siku hiyo mtoto akawa anakula. Kila Jumapili anauliza, bado kanda ngapi?"

Nikatazama lile karai la maji.

"Kiingereza chako nimekisikia, kijana. Ni kizuri. Swali langu moja tu: nani alikuomba?"

Nikasema nilitaka watu wajue ukweli. Akaniambia, "Watu wapi? Mle ndani alikuwepo mmoja tu aliyekuwa anahitaji kujua, na wewe hukumtazama hata usoni." Kisha akairudisha tyubu kwenye baiskeli ya mteja, akanipa nimpelekee mwenye nayo, maana alikuwa amemaliza kuziba na hakuwa na neno jingine kwa ajili yangu.

Mwezi haukuisha. Dada yake alifariki, tukaenda Kisesa kuzika, mimi pia, nimekaa nyuma ya lori nimejikunyata. Pale msibani Kabula aliniona. Hakulia. Alirudi nyuma hatua moja moja mpaka akajificha kwenye kanga ya mama yake mdogo, akiniangalia kama mtoto anavyomwangalia mtu aliyeleta kitu kibaya nyumbani. Kwa hesabu yake mimi ndiye niliyemuua. Nilisema mama amekufa, na mama akafa.

Maige hakushika maiki tena. Banda likaendelea kwa kanda za mapigano ambazo hazina haja ya mkalimani, kofi ni kofi kwa lugha zote. Mimi nilimaliza masomo ya jioni, nikapata cheti, nikakitundika ukutani, na kila aliyeingia nilimwonyesha isipokuwa Maige. Majuto ni mjukuu, huja kinyume, lakini wangu alinizalia wajukuu wengine. Kwa miaka mingi nikikutana na Kabula barabarani, yeye huvuka upande wa pili. Maige alifariki miaka michache iliyopita. Nilibeba jeneza, na Kabula hakuvuka barabara siku hiyo, lakini hakunisemesha.

Sasa sikiliza la mwezi huu. Kabula ana cherehani pale Buhongwa, anashona sare za shule. Wiki iliyopita alinipigia simu. Hakunisalimu sana. Alisema, "Kaka, ile katuni mpya wameniwekea kwenye flashi. Haijatafsiriwa, ina Kiingereza tu. Njoo unisomee ya mwisho."

Nilikwenda mchana. Njiani nilikuwa najifunza sauti. Nilikuwa nimeamua, mwanangu: nitafanya kama Maige. Mama atapona, hata kama Japani nzima itakataa. Wapita njia walinigeukia, mzee mwenye mvi anatembea anajiongelesha kwa sauti ya mwanamke mgonjwa.

Kabula alikuwa amefunga mlango wa duka, ametandika kanga kwenye benchi. Tukatazama. Uchoraji wa sasa si mchezo, kila tone la mvua limechorwa peke yake. Binti akafika na dawa. Mkeka ule ule, mkono ule ule. Nikakohoa, nikaanza, "Umechelewa, mwanangu, lakini huja..."

Kabula akabonyeza rimoti, picha ikasimama.

"Kaka," alisema bila ukali, "soma kilichoandikwa. Wa kunidanganya alikuwa mmoja, na tumeshamzika."

Basi nikasoma. Nilisoma kwa sauti yangu, ile mbaya. Nikasema: mzee anamwambia binti kwamba mama alifariki alfajiri. Picha ikaenda, mstari mwingine ukaja, nikausoma nao: kwamba usiku kucha alikuwa analitaja jina la binti, na alikuwa anatabasamu kila akilitaja.

Kabula akasimamisha picha tena. Kisha akauliza, "Siku ile, kwenye ile ya zamani, hayo nayo yalikuwepo?"

Na hapo, mwanangu, mimi niliyewahi kubishana na wanasheria wawili wa Nyamagana nikawashinda kabla ya chakula cha mchana, sikuwa na jibu. Sijui. Nilipofika kwenye neno la kufa niliacha kusoma. Nilikuwa nimeshapata nilichokitaka. Kanda yenyewe iliharibika zamani, na maelezo yako ya mtandaoni yanasema tu kwamba mama alikufa.

"Sijui," nikamwambia. "Niliishia pale."

Akatikisa kichwa taratibu, akaondoa flashi, akarudi kwenye cherehani. Aliniambia ana sare kumi na mbili za kumaliza kabla ya Jumatatu. Nilimuaga, akaitikia. Sitakudanganya kwamba amenisamehe. Hakusema hivyo, na mimi sikuuliza.

Ndiyo maana nilikuzuia juzi. Wale wazee wanaogombana na Wajapani hawatetei katuni. Niliyowasomea siku ile wameyasahau, sauti ya Maige ndiyo imewabaki. Wanamtetea fundi baiskeli mmoja aliyewatengenezea mama asiyekufa, na wengi wao hawajui kwamba ni yeye. Ukiwarushia uthibitisho wako, watakuwa wamekosea na wewe utakuwa umepata. Halafu iweje?

Sikufundishi uongo. Maige mwenyewe alisema alifanya ujinga. Ninachokuambia ni hiki: ukiwa na ukweli mkononi, kabla hujautupa katikati ya watu, watazame nyuso zao mmoja mmoja, ujue utamwangukia nani. Kama hakuna aliyekuuliza, unaweza kusubiri, ukweli hauozi. Na siku mwenye haki ya kuuliza atakapokuuliza, usimtilie sukari kama nilivyojaribu mimi, na usimpe nusu. Soma mpaka mwisho wa mstari, kisha soma na unaofuata, hata kama wa kwanza umekupa ushindi. Nilisoma miaka minne darasa la jioni na hili hawakulifundisha.

Nenda sasa, mwanangu. Mungu akupe akili inayowahi na ulimi unaochelewa. Akukutanishe na watu watakaokusimamisha mapema, kabla hujafika kwenye kioo. Na ukikosea, maana utakosea, uliyemkosea awe bado hai, mlango wake uwe wazi, na miguu yako isiogope kwenda. Amina.