Mstari wa Kibofu cha Mzee

Juzi nilikwenda hospitali moja ya Tooting, huku Uingereza, kuwatafsiria mume na mke, Wazanzibari. Mzee alibandikwa nyaya chini ya kitovu, kupima umeme wa misuli ya kibofu. Kila mara binti mwendesha mashine alipozigusa, mstari kwenye skrini uliruka.

Mkewe akajifunga mtandio vizuri. "Mbona unaruka kwa huyu?"

"Ni mtikisiko tu, mama," nikamtafsiria jibu la binti.

"Basi nambandika mie!"

Akazibandika upya kwa kiganja kizima. Mzee hakuthubutu hata kupumua. Mstari ukatulia.

"Safi sana," binti akafurahi. "Tunautaka hivi hivi."

Nikatafsiri. Bibi akamkazia mumewe macho. "Kwa yule unaruka, kwangu umelala?"

Mzee akanitazama nimwokoe. Mimi kazi yangu ni Kiingereza. Kiswahili kile alikielewa vizuri mwenyewe.