Vidonge vya Zamu

Mimi ni mchunga ng'ombe, sikusoma, lakini nyumba mbili naziongoza bila ugomvi, jambo lililowashinda wengi wenye digrii. Halima, mke wangu mdogo, alipewa vidonge vya kupanga uzazi kliniki ya Garsen, maana mtoto wa mwisho nusura amuue. Nikavitia mfukoni mwangu, visipotee. Mimi hulala siku mbili kwake, siku mbili kwa mke mkubwa, ambaye, mtaniwia radhi, anapika chai kunishinda hata mimi. Basi kila siku ya zamu ya Halima nampa kimoja.

Mwezi ukaisha, Halima hakuona siku zake. Tukarudi kliniki. Sista akampima, hakuna mimba. Akaomba pakiti, nikaitoa mfukoni.

“Lakini mzee, mbona nusu ya vidonge imebaki?”

Nikamweleza taratibu, kama anayefundisha: “Siku nikiwa kwa mke mkubwa, huyu atapata mimba ya nani?”

Akina mama kwenye benchi la mlangoni wakajifunika nyuso kwa mitandio.

“Mzee, kidonge hakikungoji. Ni kila siku, saa ile ile, uwepo usiwepo. Tunaanza pakiti mpya, na siku saba za mwanzo mtumie kondomu.”

Halima akakinga mkono. “Nipe mimi, sista. Huyu mwache na ng'ombe wake.”