Nyimbo za Mama yake Mwalimu Ndahani

Mpaka leo nikisikia harufu ya risasi ya kuchomelea, mwanangu, moyo wangu unakwenda kwenye kibanda cha ufundi cha Mzee Rajabu, pale Dodoma mjini. Laiti ningerudi hata kwa nusu saa. Biashara ilikuwa imeachiwa huru, kompyuta za mitumba zimeanza kuingia, nami binti wa miaka ishirini na mbili, mwanafunzi wake, nikajiona fundi kamili.

Siku moja akaja Mwalimu Ndahani, mstaafu wa Bahi, kaipakata kompyuta yake kwenye basi njia nzima. Ilikuwa ikizimika yenyewe. Humo ndani alikuwa ameandika nyimbo za Kigogo za marehemu mama yake, kazi ya mwaka mzima, na nakala nyingine hana.

Nikaibadilishia pawasaplai, lile boksi linaloigawia kompyuta umeme. Mzee Rajabu alikuwa na sharti moja: boksi lolote liunganishe kwanza na taa ya gari, liiwashe nusu saa, ndipo upime. Lakini mzee alikuwa amekwenda swala ya Ijumaa, nami nina mita mpya ya namba, maringo hayaniishi. Nikalipima tupu, bila mzigo. Volti kumi na mbili, sawasawa.

"Binti, una hakika?" Mwalimu aliniuliza.

"Ondoa shaka, Mwalimu."

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wiki haikuisha akarudi. Umeme mbovu ulikuwa umeiua diski, na nyimbo zote zimekwenda nayo. Mzee Rajabu akaliunganisha lile boksi na taa ya gari. Volti zikaporomoka hadi tisa, zinarukaruka. Hakunifokea. Alisema tu, "Umempima mtu akiwa kitandani, ukasema anaweza kulima." Afadhali angenizaba kofi.

Mwalimu alikaa kwenye benchi, akaanza kuimba wimbo mmoja ili angalau huo usimpotee. Akaimba ubeti wa kwanza, na wa pili. Wa tatu haukuja. Akarudia mwanzo, bado. "Mama angenikumbusha," akasema. Nililia, wala sioni haya kukwambia.

Mzee Rajabu na Mwalimu, wote wawili wametangulia mbele za haki. Nawatamani, mwanangu, mmoja nimshukuru, mwingine nimwombe radhi upya, maana ile ya kwanza niliiomba kwa machozi tu, maneno yalinishinda.

Basi nisikilize. Kitu cha kubeba kipime kikiwa kimebeba. Nawe usijisifu kabla mzigo haujakukalia mabegani. Mtu akikuuliza kama una hakika, nawe huna, sema huna. Aibu yake ni ya dakika moja. Majuto ni mjukuu, na wangu nimemlea mpaka uzeeni.

Mungu akupe mkono wenye subira, na akuepushe na kumtazama mtu mzima akitafuta maneno ya mama yake asiyapate.