Minazi Aliyoigawa Baba

Simu ya ndugu yangu Mangi ilinikuta katika duka la magodoro mjini Malindi, nikivutana bei na muuzaji. Godoro lilikuwa la baba. Nilikuwa nimemnunulia jingine kabla ya Pasaka, naye akampa jirani aliyejifungua mapacha, akarudi kulala mkekani, kisha akaanza kulalamikia mgongo. Maneno ya kumwambia safari hii nilikuwa nimeshayapanga, wala hayakuwa mazuri.

"Dada," Mangi alisema, "baba ametuacha."

Alikuwa amekwenda kumsaidia mtu kuezeka nyumba. Aliketi, akaomba maji, na maji yalipofika alikuwa ameshakata roho. Nilibaki nimelishika lile godoro.

"Mama, unachukua au huchukui?" muuzaji akaniuliza.

Nililichukua. Sijui kwa nini.

Baba aliitwa Dena Lewa, wa Ganda, mkulima wa mihogo na minazi na mzee wa kanisa. Alikuwa na mke mmoja, mama yetu, na kila jioni alimtekea maji hata wanaume wenzake wakamcheka. Nilipougua malaria utotoni alinibeba mgongoni mpaka zahanati, akiimba tenzi kwa sauti mbovu ili nisilale. Huyo ndiye baba tuliyempenda. Lakini kuishi naye kulichosha, na sitaandika vinginevyo kwa sababu amekufa.

Hakuweza kumwona mtu amekosa kitu. Mimi nina jina la mama yake, Kadii, kwa hiyo aliniita mama, na alipotoa kitu changu aliwaambia watu, "Chukueni tu, Kadii ataelewa." Baiskeli yangu ilikwenda kwa mwinjilisti: Kadii ataelewa. Mbuzi wangu wa maziwa alikwenda kwa mjane wa jirani: Kadii ataelewa. Nilielewa mpaka nikachoka kuelewa.

Yeye mwenyewe aliomba kitu kimoja tu, na alikirudia kila tulipokutana: azikwe ubavuni mwa mama yake, kule mwisho wa shamba. Asubuhi, siku moja kabla ya mazishi, tulikwenda huko na wachimbaji. Upande wa kichwa cha kaburi la bibi ni mwamba. Upande wa miguu ni njia ya watu. Kushoto pana mnazi, na kulia pana mnazi, na yote miwili aliipanda baba kwa mkono wake. Mtu anayetaka kulala mahali fulani, anapapandia minazi! Tena akaigawa. Wa kulia alinipa mimi siku niliyobatizwa. Wa kushoto alimpa Mwikali, Mkamba muuza mboga aliyekuwa mpangaji wetu, siku alipomzaa binti yake Whitney chini ya paa letu. "Mtoto aliyezaliwa hapa hawezi kukosa mnazi," baba alisema.

"Kateni huo wa kushoto," niliwaambia wachimbaji.

Baba mdogo Nyale akainua fimbo yake. "Mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko Mariakani."

"Basi mpigie. Mnazi wa mtu haukatwi kama mchicha."

"Baba, kwani shamba si letu?"

"Shamba ni lenu, mnazi ni wake. Kidato cha nne chote kile hawakukufundisha hilo?"

Ni kweli, kwetu shamba lina mwenyewe na mnazi una mwenyewe. Mtu huweza kuwa na mnazi katika shamba la mwenzake, akaja akaangua nazi zake akaenda zake. Nilijua. Lakini maiti ingetoka mochari kesho yake, na sikutaka kusomeshwa.

"Dada, tungoje au tukanywe chai?" mchimbaji mmoja akauliza.

"Nyinyi mmeshakunywa chai mara ngapi?"

"Ya msiba haihesabiwi, dada."

Nilimpigia Mwikali. Alilia kwanza, kisha akasema mambo ya mti hayasemwi kwa simu, anakuja. Alifika alasiri, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alimwamkia baba mdogo shikamoo, akamkumbatia mama, ndipo akaja kwenye mnazi wake. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi.

"Wakate," alisema. "Mzee alinipa, nami namrudishia."

"Asante, Mwikali."

Lakini hakuondoka. Aliweka kiganja kwenye shina, akatazama juu kwenye nazi.

"Ila nikuambie, dada Kadii. Kule Mariakani napanga chumba. Kwa marehemu mume wangu walinifukuza. Whitney akiniuliza kwetu ni wapi, namwambia kuna mnazi wako Ganda. Sina jibu lingine. Basi, wakate."

Angenikatalia ningeshinda. Sasa nilimtazama, nikawatazama wachimbaji wameshika mashoka, nikamtazama baba mdogo, naye akajitia kukagua fimbo yake. Nazi za mnazi wangu ndizo nilizowapikia wanangu wote. Nilimkasirikia baba kama vile amesimama mbele yangu. Nikaomba, Ee Bwana, nipe moyo mwingine, maana huu umechoka. Jibu lililokuja lilikuwa kwa sauti ya baba, na nilijua atasema nini.

"Kateni wangu," nilisema.

"Dada, una hakika?"

"Kateni kabla sijageuka!"

Uliangukia upande wa mihogo. Waliupasua kilele wakatoa shaha, ule moyo mweupe mtamu wa mnazi, wakagawiana wao na watu wa matangani. Nilipotoka kuosha uso nilikuta limekwisha. Hakuna aliyekumbuka kunibakizia. Mwikali aling'oa mizizi pamoja na wachimbaji mpaka giza likaingia, na usiku akalala kwenye lile godoro jipya, yeye na shangazi wawili.

Jumamosi tulimzika. Jeneza lilifika saa nne, likawekwa uani ili watu wapite. Mchungaji alisoma, "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa." Nikawaza kwamba kwetu baba ndiye aliyetoa na majirani wakatwaa, nikamwomba Mungu msamaha papo hapo. Wanakwaya waliimba. Mangi na vijana wa kanisa walimteremsha kwa kamba, kulia kwa mama yake, mahali mnazi wangu uliposimama. Mama alitupa mchanga, nami nikatupa, kisha watoto, kisha Mwikali. Walifukia, wakaweka msalaba wa mbao na maua. Mchungaji akatoa baraka. Watu wakaenda kula wali, na baba mdogo akabaki akiusawazisha mchanga kwa fimbo yake.