Pipa la Udi

Mti wa udi lazima upigwe. Ukiuacha ukue kwa raha zake, ndani yake ni mweupe na haunukii chochote, ni kuni tu. Mume wa shangazi yangu alilijua hilo. Alipopanda miti yake nyuma ya nyumba, hapa Mayoni ambako kila mtu ana miwa mpaka mlangoni, watu walimcheka. Miti ilipofikia unene wa paja aliitoboa kwa drili, akaigongomea misumari, akaichoma vidonda kwa chuma cha moto. Mimi nilimsaidia kupiga nyundo, na sitadanganya, nilifurahia. Nilikuwa nimetoka kwenye ndoa ya makonde, nikihitaji kitu cha kupiga.

Mti ukiumizwa hujitibu kwa utomvu mweusi, na utomvu huo ndio udi. Huchukua miaka. Mzee alishikwa na kifua akafa kabla ya kuvuna, na kabla ya kukata roho alimwambia shangazi, "Kama mimi sitainusa udi hii, wewe uinuse." Tangu siku hiyo shangazi hakutaka kitu kingine duniani. Mambo ya kuuza yangefuata baadaye.

Tulikata miti, tukachonga sehemu nyeusi, tukazitwanga kinuni mpaka viganja vikatoka malengelenge, kisha tukaziloweka, tayari kuzichemsha zitoe mafuta. Udi ukilowekwa kwa wiki kadhaa huvunda kuliko kangara, ule mchanganyiko unaopikiwa chang'aa, pombe ya magendo. Na mpita njia angeona nini? Pipa juu ya moto, mrija wa shaba uliopita kwenye beseni la maji baridi, chupa ikipokea matone. Huku kwetu chombo hicho kina kazi moja tu, na wambea walikwenda kuisema kwa chifu.

Walikuja adhuhuri, naibu wa chifu na askari wawili wenye rungu. Shangazi alikuwa amechuchumaa kando ya chupa. Mafuta yalikuwa yameanza kupanda juu ya maji, utando wa rangi ya chai ya rangi. Hakuwa ameyanusa. Alikuwa amesema hatanusa mpaka tone la mwisho lidondoke.

"Hata nyinyi wa msikitini mmeanza kupika?" naibu wa chifu alicheka.

"Baba, hii si pombe. Ni udi," shangazi alisema.

"Udi inanukanga hivi?"

Teke lake liliangusha pipa. Maji ya moto yakaniunguza miguu, na makovu ninayo. Shangazi aliikumbatia chupa kifuani, naibu wa chifu akaivuta, rungu la askari likatua kwenye mkono wa shangazi na nikausikia mfupa. Chupa ilipasuka kati yao, mafuta yote yakaingia kwenye koti la yule bwana. Nilimrukia askari nikamuuma sikio mpaka nikaonja damu, nami nikapigwa nikapigika. Moshi na uvundo wa pipa vilifunika kila kitu. Shangazi alilia akitafuta vigae vya chupa matopeni kwa mkono uliobaki, lakini pua yake haikupata kitu ila uvundo.

Baraza la chifu lililofuata tulikwenda, plasta ikiwa bado kwenye mkono wa shangazi uliovunjika. Naibu wa chifu alivaa koti lile lile. Waliokaa mbele walikuwa wakigeuza pua huku na huku, wakiulizana ni nani amejipaka marashi.

Shangazi aliinuka akamwendea. Askari aliinua rungu. Mimi nilikuwa na jiwe ndani ya leso, nikimwomba Mungu yule askari apige kwanza ili na mimi nianze. Shangazi alimkamata naibu wa chifu ukosi wa koti kwa mkono mzima, akamvuta, akazika uso wake kifuani pake. Akavuta pumzi, akaibana, akavuta tena. Yule bwana alisimama mikono ikining'inia.

"Baba," shangazi akamwambia, "koti hii usifue."

Akarudi kukaa, uso umelowa machozi, na baraza likaendelea. Mimi sikunusa kitu. Jiwe nilirudi nalo nyumbani.