Mume Wangu Anapanga Matembezi ya Ziwa Nyasa, Hajui Tunampeleka Kufia Kwao

Admin, kama umenizidi umri shikamoo, kama sivyo basi pokea salamu zangu. Nifichie jina, maana mawifi zangu hawapitwi na page hii. Nina miaka 46, nauza vitenge Kariakoo, tunaishi Mchafukoge, ghorofani. Mume wangu ni Mnyakyusa, tumezaa watoto watatu. Mimi ni mtu wa hapahapa Dar na kwao sijawahi kufika. Kila mwaka tulisema mwakani, dukani nani atabaki? Ndivyo tulivyozeeka.

Mume wangu anaumwa ini. Mwezi uliopita daktari alimwita kaka yake mkubwa pembeni, sio mimi niliyelala naye wodini kwenye kiti cha plastiki. Ni saratani, imeshasambaa, turudi naye nyumbani. Jioni ileile ndugu wakakaa kikao sebuleni kwangu, mimi napika chai. Wakakubaliana asiambiwe, atakata tamaa. Pia wakakubaliana apelekwe kwao Kyela mapema, akiwa bado anaweza kukaa kwenye basi. Nilipouliza haraka ya nini, shemeji, huyo kaka mkubwa, akanijibu bila hata kupepesa macho, "Shemeji, kusafirisha mwili mpaka kule unajua shughuli yake? Bora aende mwenyewe."

Aende mwenyewe! Nililia chooni ili asinisikie.

Yeye wamemwambia anaenda kupumzika Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kuna nyumba ya shangazi yao. Jamani, mwanaume alivyofurahi! Siku ya kwanza tulale tu, tuangalie ziwa. Ya pili tukodi gari twende Tukuyu, akanionyeshe boma la Wajerumani na shule aliyosoma, jioni turudi ziwani tule samaki. Siku nyingine Daraja la Mungu, lile la mwamba lililovuka mto. Halafu mlima Rungwe, "sio mpaka juu, mama, tutaishia kwenye msitu, wewe mtu wa pwani utaganda." Anacheka mpaka anashika ubavu. Kila nikirudi dukani nakuta kabadilisha, leo mlima unaanza, kesho mji, ananiuliza nachagua lipi. Na mimi nachagua. Nimekuwa muongo hodari.

Akanituma sokoni Mchikichini nimtafutie buti za mtumba za kupandia mlima. Nikazipata, ngozi nzuri, nikazing'arisha. Hazikuingia, miguu imevimba. Akaziangalia, akaniambia, "Ziweke kwenye begi. Uvimbe ukishuka zitaingia tu." Nikaziweka. Chini ya begi hilohilo kuna suti yake nyeusi, shemeji ndiye alinipigia nisiisahau. Aliponiuliza suti ya nini ufukweni, nikamwambia ni ya kanisani Jumapili.

Sasa nisikilizeni, kinachoniua ni hiki. Mtoto wetu wa kwanza, nimwite Tumpe japo silo jina lake, aliacha chuo akaenda kuishi na mwanaume bila posa wala mahari. Baba yake akamfungia mlango, akasema asikanyage hapa mpaka huyo kijana alete wazee. Kijana hana kitu, wazee hawakuja. Tumpe kazaa, mtoto sasa anatembea, na babu yake hajamwona. Wanaishi Mbagala hapo, sio mbali! Na Kariakoo nzima bado wanamwita mume wangu Baba Tumpe, anaitika kila siku.

Tumpe nimemwambia ukweli kuhusu ugonjwa. Alilia sana, kisha akaniambia, "Mama, aniite mwenyewe. Siku ile alinifukuza mbele za watu. Akinifukuza na mwanangu akiona, mimi sitapona." Simlaumu, kiburi kakitoa kwa baba yake.

Nikamgusia baba yake. Hakukasirika, ndiyo ajabu yenyewe. Akaomba maji, akaniambia, "Nimeshamsamehe zamani, mama. Tukirudi kutoka ziwani nitamfuata mwenyewe Mbagala. Nataka anikute nimesimama, siyo hivi. Mzazi utamwitaje mtoto kuja kukubeba?" Nikamsihi ampigie japo simu. "Tukirudi," akasema. "Haraka ya nini?"

Mimi ndiye najua hatutarudi naye.

Nilimfuata shemeji, nikamwomba amwambie ndugu yake ukweli ili amwite mwanawe. Akaja juu. "Wewe unataka kumuua! Presha ikimpanda akaondoka, huo msiba ni wako. Na sisi hatutanyamaza, kila mtu Kyela atajua aliyemmaliza." Nawajua hawa. Nitazika mume nikiwa nanyooshewa vidole, ugenini, kwa watu ambao hata lugha yao siijui. Na vipi kama shemeji yuko sahihi? Hayo matembezi ndiyo yanayomwamsha asubuhi. Jana kala uji wote akinisimulia ukungu wa Rungwe. Nikimwambia ukweli, kesho atakula kwa ajili ya nini?

Lakini nikinyamaza, atakufa akiamini bado ana muda wa kumfuata mwanawe. Na Tumpe atakuja kumwona ndani ya suti ile.

Tunaondoka Jumamosi alfajiri. Nimefikiria kumleta Tumpe na mtoto bila kumwambia yeye wala baba yake, naogopa nisije nikaharibu kila kitu siku ya mwisho. Naombeni msiniandikie pole dada muombe Mungu. Naomba, magoti yamechubuka. Nataka aliyewahi kuuguza mtu wa hivi anijibu. Sasa hivi ninavyoandika ananiita kutoka chumbani, kabadilisha tena, anasema tuongeze siku mbili ziwani ili tusirudi tumechoka. Nishaurini jamani, nikiingia humo nimwambie nini?