Bibi Maendeleo Mbele ya Baraza

Nilikuwa sijaolewa nilipoajiriwa, enzi za Mwingereza, na Idara ya Maendeleo ya Jamii mjini Iringa. Kwetu ni Ilomba, Mbeya. Nilipelekwa katika kijiji kimoja cha milima ya Kilolo kuanzisha kilabu cha wanawake: kusoma, kushona, kutunza watoto wachanga. Watu waliniita Bibi Maendeleo. Kihehe changu kilikuwa cha salamu na kuombea maji tu, na tangu mwanzo sikuwa na amani. Wanaume waliporudi kutoka shambani walisimama dirishani na majembe yao begani, wakasikiliza, kisha wakaondoka.

Mwanafunzi wangu hodari alikuwa mama mmoja mwembamba, mcheshi. Mchana mmoja wenzake walipotoka, yeye alibaki akikunja vitambaa ambavyo vilikuwa vimeshakunjwa.

"Dada," akasema, "baba watoto amemwahidi mtu binti yetu. Anataka kumtoa shule aolewe. Hii serikali yenu ya wanawake haiwezi kumzuia?"

Binti mwenyewe nilimfahamu. Bado alikuwa akicheza na watoto wenzake kwenye vumbi.

Nikapanda lori la viazi hadi Iringa kumwuliza mkuu wangu, mama wa Kizungu aliyejua Kiswahili vizuri. Alinisikiliza huku akitazama mlango.

"Sisi tunafundisha," akasema. "Ndoa ni mambo ya baraza lao. Ukiyagusa, kilabu kitafungwa, na mimi sitaweza kukutetea."

Nilirudi na maneno hayo, nikamweleza yule mama. Akasema, "Haya," akajifunga mtoto mgongoni, akaenda zake. Nilidhani amekata tamaa. Kumbe alifika nyumbani akamwambia mumewe kwamba binti hatoki shule. Mume akaenda moja kwa moja kwa jumbe, mkuu wa kijiji, kushtaki kilabu.

Tuliitwa barazani. Siku zile za kungoja sikuweza kula. Niliwaza wanawake wale watafungiwa mlango kwa sababu yangu. Asubuhi yenyewe ukungu ulikuwa mzito. Wanaume walikaa kwenye magogo, wanawake chini, kando. Mimi nilipewa kiti, na hicho kiti kilinitisha kuliko chochote.

"Umeolewa?" jumbe akaniuliza.

"Bado, mzee."

Wanaume wakacheka kidogo. Yeye hakucheka.

"Ni serikali iliyokutuma uwaambie wake zetu wawanyime waume zao mabinti?"

Niliona yule mama ameinamisha kichwa. Nikisema ndiyo, nitakuwa nimeisingizia serikali. Nikisema hapana na kunyamaza, nitakuwa nimemwacha peke yake.

"Hapana, mzee. Serikali haikunituma hilo," nikasema. "Lakini mkiniuliza mimi mwenyewe, naona mtoto yule aachwe asome. Ni mdogo mno."

Mume akasimama. "Mnasikia? Ndiyo haya anayowafundisha."

Hapo yule mama akanyanyua kichwa. "Hakunifundisha hili," akasema. "Alikuja kuniambia hawezi kunisaidia. Mimi niliolewa nikiwa hivyo hivyo mdogo, na mtoto wangu wa kwanza nilimzika. Nilihitaji nani anifundishe zaidi ya hapo?"

Mumewe alikaa. Hakutazama mtu. Nadhani alikuwa hajawahi kumsikia akimtaja mtoto yule waliyemzika mbele za watu, na mtoto alikuwa wake pia.

Jumbe alinong'onezana na wazee muda mrefu. Mwishowe akaamua binti amalize shule ya kijiji kwanza, habari ya ndoa izungumzwe baadaye. Kilabu kiendelee, ila mimi nisiseme tena barazani.

Habari zilifika Iringa kabla yangu. Mkuu wangu hakunifokea. Alisema tu kwamba nitahamishiwa Mbeya, na kwamba Kilolo atapelekwa mtu mzima aliyeolewa. Nilishukuru, nikatoka nje, nikalia nyuma ya ofisi.

Miaka kadhaa baadaye mwanamke wa Kilolo aliyekuja Mbeya kumwuguza dada yake aliniambia kwamba binti yule alimaliza, akaendelea na shule ya bweni kwa masista. Nikamwuliza juu ya mama yake.

"Yupo," akasema. "Mumewe hakumsemesha msimu mzima. Sasa wanaongea."